Kisigino Kikiuma Asubuhi: Namna Mkimbiaji wa Kawaida Anavyoweza Kukitibu

Ukiniambia kisigino kinakuuma, swali langu la kwanza halihusu mbio. Nitakuuliza: ukishuka kitandani asubuhi, hatua ya kwanza inakuwaje? Ukijibu kwamba unakanyaga kama aliyechomwa msumari, unatembelea ncha za vidole mpaka bafuni, halafu baada ya dakika chache maumivu yanapoa na unajiona mzima, hapo tayari nina picha. Ukiongeza kwamba yanarudi ukikaa kitini muda mrefu kisha ukasimama, na kwamba kwenye mbio kilomita ya kwanza ndiyo mbaya kuliko ya tatu, picha imekamilika. Karibu, tuko wengi.

Mimi ni mwalimu. Kutwa nzima nasimama mbele ya darasa, na alfajiri nakimbia. Sina medali wala kocha. Nakimbia kwa sababu siku ambayo sikukimbia wanafunzi wangu wanaijua kabla sijafungua kinywa. Kisigino cha kulia kilinisumbua miezi mingi mpaka kikapona, na ninayoandika hapa ni yale niliyofanya pamoja na sababu zake. Sababu nazitaja makusudi. Mtu akipewa zoezi bila kuelezwa linafanya nini, ataliacha wiki ya pili.

Kinachouma ni nini

Chini ya unyayo kuna ukanda mnene wa nyuzi ngumu. Unaanzia chini ya mfupa wa kisigino, upande wa ndani, unatandaa kama upepeo wa mkononi mpaka kwenye mashina ya vidole. Huna haja ya kuniamini, ushike mwenyewe. Kaa, vua kiatu, weka mguu juu ya goti la mguu wa pili. Kwa mkono mmoja kunja kidole gumba cha mguu kuelekea juu, na kwa mkono wa pili pitisha vidole katikati ya unyayo. Utahisi kitu kimekaza pale. Ndio wenyewe huo. Sasa fuata ukanda huo ukirudi nyuma mpaka unapogusa mfupa wa kisigino, ubonyeze kwa dole gumba la mkono. Ukiruka, tumefika penyewe.

Usiuachie mguu bado. Kunja tena kidole gumba na utazame tao la unyayo: linainuka. Kazi hiyo ilielezwa na mtafiti J. H. Hicks mwaka 1954, na ndiyo inayoufanya mguu uwe mgumu wa kutosha kukusukuma mbele. Kila hatua, kisigino kinapoondoka ardhini na vidole vikabaki vimekunjwa, ukanda unavutwa. Zidisha kwa hatua za mbio za saa moja, utaelewa kwa nini aliyeongeza kilomita ghafla, au aliyeanza kupanda vilima wiki hiyohiyo aliyobadilisha raba, ndiye anayechechemea.

Madaktari huuita ugonjwa huu plantafasaitisi, jina linaloashiria mwako, yaani sehemu ya mwili kuvimba na kupata joto. Lakini mwaka 2003 Harvey Lemont na wenzake walipochunguza vipande vya ukanda kutoka kwa wagonjwa 50 waliofanyiwa upasuaji, walichokuta ni nyuzi zilizochakaa na kuvurugika, si dalili za mwako. Kwetu sisi maana yake ni kwamba vidonge vya kutuliza uvimbe vinaweza kukupa siku chache za nafuu, lakini havijengi upya kilichochakaa. Kinachokijenga ni uzito, ukitolewa kwa kipimo.

Kuhusu mwiba wa mfupa unaoonekana kwenye eksirei, usikutishe. Wapo watu wengi wenye mwiba huo wasiosikia maumivu yoyote, na wapo wanaoumia bila kuwa nao.

Kwanza hakikisha si kitu kingine

Hapa sina mzaha, kwa sababu yapo magonjwa ya kisigino ambayo mazoezi nitakayoeleza yatayazidisha.

Bana kisigino chako kwa viganja viwili, kushoto na kulia, kama unayetaka kukipasua. Ikiwa hapo ndipo panapouma sana, na kwenye mbio maumivu yanazidi kadiri unavyokwenda badala ya kupoa, na usiku ukiwa umelala yanaendelea kufukuta, huenda mfupa wenyewe una ufa. Acha kukimbia siku hiyohiyo, nenda hospitali. Ujue pia kwamba eksirei ya mapema inaweza isioneshe ufa huo. Maumivu yakiendelea, omba kipimo cha MRI.

Ganzi, kuchonyota au unyayo kuwaka moto ni lugha ya mishipa ya fahamu. Maumivu yaliyo katikati kabisa ya kisigino, mahali unapokanyagia, mara nyingi ni ya mto wa mafuta ulioko chini ya mfupa. Visigino vyote viwili kuuma pamoja, viungo vingine kuvimba, na mwili kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, hayo mpelekee daktari kama yalivyo, usiyachambue mwenyewe. Ukisikia mlio wa kitu kukatika katikati ya mbio, kisha tao la unyayo likavilia damu, ukanda umechanika. Na kama una kisukari, usijitibu mguu kwa maandishi ya mtu yeyote, yangu yakiwemo.

Asubuhi ndiyo kipimo

Hiki ndicho kitu kimoja ambacho ningetaka ukichukue hata kama mengine yote utayaruka. Kila asubuhi, kwenye hatua ya kwanza, yape maumivu alama kutoka 0 hadi 10 na uziandike. Mimi niliandika kwa penseli nyuma ya shajara ya maandalizi ya masomo, na pembeni nikaweka neno moja la jana yake: ngazi, mkutano, baiskeli, mapumziko. Baada ya muda ukurasa ule ulinifundisha kuliko nilivyotarajia. Siku za mikutano mirefu ya kusimama ziliniumiza kuliko siku za mbio fupi. Nisingeligundua hilo kwa kukisia.

Kwa nini asubuhi, si wakati wa mbio? Kwa sababu ukishapata joto ukanda hulegea, maumivu yanajificha na unadanganyika. Deni la jana huletwa kesho yake. Kwa hiyo kanuni ni hii: maumivu ya wakati wa zoezi yakiwa hayazidi 3 au 4, na asubuhi inayofuata haikupanda kuliko kawaida yako, kipimo ulichotumia kinakufaa. Asubuhi ikipanda, punguza. Ikishuka wiki baada ya wiki, ongeza kidogo.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenihudumia, mzee mpole asiyependa maneno mengi, nilimchosha kwa swali moja kila nilipomwona.

“Shikamoo daktari. Niache kukimbia au niendelee?”

“Marahaba, mwalimu. Asubuhi ikoje?”

“Inauma, ila si kama wiki iliyopita.”

“Basi baki na kiasi hichohicho. Ikipanda, teremsha. Mimi silali na kisigino chako.”

Wiki za mwanzo: kupunguza, si kulala

Ukipumzika kabisa maumivu yatapungua, ndiyo, lakini ukanda nao utazidi kudhoofika, na siku ya kurudi utaanza upya. Labda uwe unachechemea. Anayechechemea asikimbie, maana ataharibu na goti. Asiyechechemea aondoe kwanza mambo matatu: vilima, mbio za kasi, na kuruka. Kisha apunguze umbali mpaka asubuhi zake zisimame mahali pamoja. Pumzi uitunze kwa baiskeli au kuogelea. Kwenye baiskeli kanyagia katikati ya unyayo badala ya ncha, ukanda utakushukuru.

Nyumbani, weka viatu au kandambili zenye soli nene pembeni ya kitanda, pale miguu inaposhukia. Usitembee pekupeku kwenye sakafu ngumu kwa kipindi hiki. Hili linaonekana dogo, na wengi hulipuuza. Kazini, kama kazi yako ni ya kusimama, tafuta sehemu za kukaa. Mimi nilianza kusahihisha madaftari nimekaa badala ya kuzunguka madawati, na shajara ilionesha tofauti.

Kabla hujashuka kitandani fanya zoezi la kunyoosha ambalo Benedict DiGiovanni na wenzake walilichapisha mwaka 2003. Weka mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole vyote kwenye mashina yake, vivute kuelekea mundi wa mguu mpaka usikie unyayo umekaza. Hesabu 10, achia, rudia mara 10. Kwa mkono mwingine gusa ukanda uhakikishe kweli umekaza; usipokaza, unavuta hewa. Mara tatu kwa siku, na ya asubuhi lazima iwe kabla ya hatua ya kwanza. Ukikaa muda mrefu, fanya tena kabla ya kusimama.

Plasta ya wanamichezo husaidia kwa siku chache, hasa siku ambazo huna namna ya kukwepa kusimama. Osha mguu, ukauke kabisa, usipake mafuta. Kipande cha kwanza kianzie pembeni ya shina la kidole kidogo, kizunguke nyuma ya kisigino, kimalizikie pembeni ya shina la kidole gumba. Hicho ni nanga tu, usikivute. Halafu weka vipande vifupi vya kukatisha chini ya unyayo, vikitoka upande wa nje kuelekea ndani, kila kimoja ukikivuta juu kidogo kinapofika kwenye tao, kana kwamba unalinyanyua. Vipishane kwa nusu upana. Malizia kwa nanga nyingine juu ya ile ya kwanza. Simama utembee. Vidole vikipoteza rangi au ngozi ikiwasha, bandua mara moja.

Soli za ndani za kutegemeza tao nazo zinafaa kwa baadhi ya watu. Majaribio yaliyolinganisha zile zilizo tayari na zile zinazotengenezwa kwa kupima mguu wa mtu kwa jumla hayakuona tofauti kubwa ya maana, kwa hiyo anza na za kawaida. Chupa ya maji yaliyoganda ya kuviringisha chini ya unyayo jioni inapendeza, nami niliitumia, ila naihesabu kuwa burudani.

Zoezi lenyewe

Sasa ndipo penye kazi. Zoezi hili ni kunyanyua kisigino ukiwa na taulo chini ya vidole, nalo lilifanyiwa majaribio na Michael Rathleff na wenzake nchini Denmark kwa wagonjwa 48. Nusu walipewa zoezi la kunyoosha nililolieleza juu, nusu wakapewa hili, na wote walipata soli za kisigino. Baada ya miezi mitatu waliofanya hili walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa yamelingana. Faida yake, basi, ni kufika mapema, na kwa mkimbiaji hiyo si faida ndogo.

Tafuta ngazi imara yenye kitu cha kushikia. Chukua taulo dogo, likunje liwe gumu kama bomba, uliweke kwenye ukingo wa ngazi. Panda kwa mguu unaouma: vidole viwe juu ya taulo, nyuma yake nyama ya mbele ya unyayo ikanyage ngazi, kisigino kining’inie. Angalia vidole: viwe vimekunjwa kuelekea juu kweli, hasa kidole gumba. Unakumbuka tulipokikunja tao likainuka? Taulo linafanya kazi hiyo hiyo, linaukaza ukanda ndipo uubebeshe uzito. Bila taulo unafanyia mazoezi shavu la mguu zaidi kuliko kinachouma.

Nyanyuka kwa hesabu ya sekunde tatu. Ukifika juu kabisa, tulia sekunde mbili. Shuka kwa sekunde tatu mpaka kisigino kiwe chini ya ukingo. Taratibu hivyo. Mguu mmoja tu. Ukishindwa, anza kwa miguu miwili na uhamishe uzito kidogo kidogo kwenda kwenye huo mmoja.

Siku moja fanya, siku inayofuata pumzika. Usifanye kila siku, kwa sababu nyuzi zinahitaji muda wa kujirekebisha katikati. Wiki mbili za mwanzo piga seti 3 za marudio 12. Uzito uwe ule ambao la 12 unalimaliza kwa shida na la 13 huliwezi. Kisha ongeza uzito, upige seti 4 za marudio 10. Baada ya wiki mbili nyingine ongeza tena, seti 5 za marudio 8, na hapo ndipo unapobaki, ukiongeza uzito kila unapoona umezoea. Uzito wangu ulikuwa begi la mgongoni lenye madaftari ya wanafunzi. Insha zilizosahihishwa ni nzito kuliko unavyodhani. Nilipolifikisha begi mwisho wake niliongeza chupa za maji.

Zoezi litauma, hasa wiki ya kwanza. Ile kanuni ya asubuhi ndiyo itakayokuambia kama ni maumivu ya kazi au ya kuharibu. Usitarajie miujiza kabla ya wiki nne au sita. Watu wengi huachia hapa, wakisema zoezi halifanyi kazi, wakati alama zao za asubuhi zimeanza kushuka kutoka 7 kwenda 5 na hawaoni kwa kuwa hawakuandika.

Kipimo kimoja cha kuongezea: simama ukitazama ukuta, kidole gumba cha mguu kiwe sentimita 10 hivi kutoka ukutani, kisigino kikiwa chini. Peleka goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Linganisha na mguu wa pili. Mguu unaoshindwa una kifundo kilichokakamaa, na kifundo kikikakamaa unyayo ndio unaolipa. Mtu wa namna hiyo anyooshe shavu la mguu kila siku, mara goti likiwa limenyooka, mara likiwa limekunjwa.

Hospitalini watakupa nini

Ukiwa umefuata haya kwa takriban miezi mitatu na alama zimegoma, rudi kwa daktari. Anaweza kupima unene wa ukanda kwa altrasaundi. Ukizidi milimita 4 kwa kawaida huhesabiwa kuwa umenenepa.

Sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza mwako, ndiyo inayotamaniwa zaidi, maana nafuu huja haraka. Tatizo nafuu hiyo kwa kawaida ni ya wiki kadhaa tu, na sindano ina hatari ya ukanda kukatika na mto wa mafuta wa kisigino kunywea. Mimi nilikataa. Anayechomwa asikimbie kwa kuwa tu hasikii maumivu. Aulize apumzike muda gani.

Mawimbi ya mshtuko ni mashine inayopiga kisigino kwa nje, mara nyingi vipindi 3 hadi 5, wiki kwa wiki. Inauma wakati wa kupigwa. Kwa maumivu yaliyokaa miezi mingi naiona ni ya kujaribu kabla ya sindano, ilimradi mazoezi yasiachwe. Kifaa cha kulalia kinachoshika mguu usilegee chini usiku husaidia wengine. Wengine hukitupa usiku wa manane. Upasuaji ni wa wachache sana, baada ya miezi 6 hadi 12 ya kushindwa kwa mengine yote. Wengi hupona bila kufika huko, ila ndani ya miezi, si ndani ya siku.

Kurudi barabarani

Rudi pale hatua ya kwanza asubuhi iko 2 au chini ya hapo, na ukiweza kutembea kwa haraka dakika 45 bila asubuhi ya pili kulalamika. Pasha mwili moto kwa kutembea dakika 10. Kisha kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 6 hadi 8, kwenye njia tambarare, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza. Usikimbie siku mbili mfululizo. Asubuhi ikiwa tulivu, safari ijayo kimbia dakika 2 na kutembea 1, na uendelee hivyo. Ongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja: ama muda, ama siku. Vilima na kasi viwe vya mwisho kabisa, na usivirudishe vyote viwili ndani ya wiki moja.

Zoezi la ngazi usiliweke siku ya mbio mpaka utakapokuwa imara, zipishane. Kuhusu raba, huu si wakati wa kujaribu zile nyembamba zinazoiga kukimbia pekupeku. Chagua zenye kisigino kilichoinuka kidogo na soli isiyokunjika kirahisi katikati. Zijaribu kwa kuzikunja kwa mikono, mkunjo uwe penye vidole.

Maumivu yakiisha, usilitupe taulo. Mara mbili kwa wiki zinatosha kudumisha nguvu, miguu yote miwili. Na kisigino cha upande wa pili kikianza kunong’ona asubuhi moja, siku hiyohiyo punguza umbali, toa vilima, fungua ukurasa mpya wa alama, na uanze seti 3 za 12.